Milipuko ya gama: siri ya mbingu iliyopitia Malindi

Mto Athi ukishaporomoka pale Fourteen Falls, karibu na Ngoliba mashariki mwa Thika, huendelea na safari yake hadi pwani. Njiani huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo mwa Malindi. Pwani hiyo hiyo, upande wa Ngomeni, kipo kituo cha anga za juu kilichosaidia kujibu swali gumu la elimu ya nyota: milipuko ya miale ya gama hutoka wapi, na mwanga wake huzalishwaje? Vijana wa Ngoliba wanaujua mto. Wanastahili kuijua na historia ya kituo hicho.

Yote yalianza kwa hofu ya mabomu. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, baharini na angani. Marekani ikarusha setilaiti za Vela kumchunga atakayeuvunja. Tarehe 2 Julai 1967, vipokezi vya Vela vilinasa mmweko wa miale ya gama usiofanana na wa bomu. Mingine ikafuata. Mwaka 1973, Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson wa maabara ya Los Alamos walitangaza mimweko 16 ambayo chanzo chake hakikuwa dunia wala jua.

Wakati huo Kenya ilikuwa tayari imeingia katika habari za anga. Tarehe 26 Aprili 1967, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, jukwaa hilo lilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilipewa jina Uhuru. Novemba 1972 ikafuata SAS-2, iliyochunguza miale ya gama yenyewe.

Kenya ilichaguliwa kwa sababu ya ikweta. Roketi inayorushwa hapo hupata msukumo mkubwa kutokana na mzunguko wa dunia. Muhimu zaidi, setilaiti inayozunguka chini chini juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho mkali ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao huvuruga vipokezi. Anayetaka kunasa fotoni chache, yaani chembe za mwanga, kutoka mbali anahitaji utulivu huo.

Faida hiyo ilidhihirika kupitia BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyorushwa kutoka Florida tarehe 30 Aprili 1996. Ilizunguka karibu kabisa na ikweta, ikipita juu ya Malindi kila mzunguko. Kila ilipopita, ilishusha data katika kituo kile cha pwani ya Malindi, nazo zikapelekwa Roma.

Kuhusu chanzo cha milipuko ya gama, wataalamu walikuwa wamegawanyika. Setilaiti ya Compton, iliyorushwa mwaka 1991, ilikuwa imeonyesha kwamba mimweko hutokea pande zote za anga kwa usawa. Wengine waliamini inatoka kandokando ya galaksi yetu, wengine walisema inatoka mbali kupita kiasi. Tarehe 28 Februari 1997, BeppoSAX ilinasa mlipuko, na baada ya saa nane hivi ikageuzwa kuelekea palepale. Ikakuta mwanga wa eksirei ukififia. Darubini za ardhini nazo zikaona mwanga wa kawaida ukififia hapo. Mwezi Mei mwaka huo, mlipuko mwingine ulipimwa umbali wake, na ubishi ukaisha: chanzo kilikuwa mabilioni ya miaka ya mwanga kutoka hapa.

Umbali huo ulilifanya swali la pili kuwa zito zaidi. Ni kitu gani kinachoweza kutoa nishati nyingi hivyo kwa sekunde chache? Jibu hutafutwa katika spektra, yaani hesabu ya fotoni zilizofika kwa kila kiwango cha nishati. Chuma kikikolea moto hutoa mwanga unaolingana na joto lake, na spektra yake hushuka haraka sana upande wa nishati kubwa. Milipuko ya gama haifuati sheria hiyo. Mwaka 1993 David Band na wenzake walionyesha kwamba spektra nyingi zina miteremko miwili inayoungana taratibu, na mkia mrefu upande wa juu. Nishati nyingi hutolewa kwenye mamia ya maelfu ya elektronivolti, ilhali fotoni ya mwanga tunaouona kwa macho ina mbili au tatu tu.

Umbo hilo liliwaelekeza wengi kwenye mnururisho wa sinkrotroni: elektroni zinazokwenda karibu na kasi ya mwanga hupindwa na nguvu ya sumaku, na kila zikipindwa hutoa mwanga. Chanzo ni mikondo miembamba ya maada inayochomoka nyota kubwa inapoporomoka, au nyota mbili za nyutroni zinapogongana. Lakini baadhi ya spektra hupanda kwa ukali usioruhusiwa na sinkrotroni ya kawaida, ndiyo maana wengine hudai kwamba sehemu ya mwanga hutoka moja kwa moja katika uso wa moto wa mkondo. Mjadala huo ungali hai.

Malindi nayo ingali kazini. Swift, setilaiti ya Marekani iliyorushwa Novemba 2004 kuwinda milipuko hii, hushushia data zake hapo. Tarehe 14 Januari 2019 iliutambua mlipuko ambao darubini za MAGIC, katika kisiwa cha La Palma, ziliuona ukitoa fotoni zenye nishati ya hadi elektronivolti trilioni moja. Hapo sinkrotroni pekee haikutosha: elektroni zilikuwa zikizigonga fotoni na kuzipandisha nishati.

Mwanafunzi wa kidato cha nne Kenya husoma spektra, eksirei na elektronivolti. Afundishwe pia kwamba ushahidi ulioyapa maneno hayo uzito mpya ulishukia katika nchi yake. Tumetoa bahari, ardhi na ikweta kwa zaidi ya nusu karne. Sasa tutoe na wataalamu wa kuzisoma data hizo, na mmoja wao anaweza kabisa kutoka Ngoliba.