Korongo taji wa Saiwa yumo mikononi mwa mkulima

Mtu wa Pwani akitajiwa Kitale hufikiria mahindi. Nami nilikuwa vivyo hivyo, hadi nilipoenda kuwatembelea jamaa Saboti nao wakanipeleka kukiona kinamasi cha Saiwa, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini Kitale kwa njia ya Kapenguria.

Saiwa ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1974, hasa kwa ajili ya nzohe, swala anayeishi kwenye majimaji. Ni mbuga ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita 3 za mraba tu. Maji yake huingia mto Nzoia na kuishia Ziwa Victoria.

Aliyenivutia mimi ni korongo taji, ndege mrefu mwenye shungi la dhahabu, ambaye jirani zetu wa Uganda wamemweka kwenye bendera yao. Tangu 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hujenga kiota katikati ya ndago na matete, akataga mayai 2 au 3 na kuyaatamia kwa mwezi mmoja hivi. Makinda huchukua miezi kadhaa kabla ya kuruka. Muda wote huo anahitaji maji na utulivu.

Shida ni kwamba korongo hajui mpaka wa mbuga. Vinamasi vingi anavyotaga vimo ndani ya mashamba ya watu. Mkulima akilima hadi ukingoni mwa maji, akachoma matete au akapanda mikaratusi inayofyonza maji, ndege hana pa kutagia. Mayai yakiokotwa, msimu umepotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenyeji wa Kipsaina, jirani na mbuga, waliunda kikundi chao cha kuhifadhi korongo na ardhi oevu. Wakaanzisha vitalu vya miche ya miti ya kienyeji, mizinga ya nyuki na vidimbwi vya samaki, na kuwafundisha watoto shuleni. Maana yake ni moja: anayekiacha kinamasi kipumue apate riziki kwa njia nyingine.

Sisi somo hili tunalijua. Kule Gazi, Kwale, tangu 2013 wanakijiji kupitia Mikoko Pamoja huuza hewa ukaa ya mikoko wanayoitunza, na pesa huingia kwenye maji na shule.

Anayeombwa kuacha nusu ekari ya mahindi ana watoto wa kulisha, na wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nawasihi wanaopanga kuhifadhi Delta ya Tana, iliyoingia orodha ya Ramsar mwaka 2012: kabla ya kuchomeka vibao, ketini na wakulima, wavuvi na wafugaji mkubaliane watakula nini.