Mabawa ya Dirisha: Historia Iliyotundikwa kwa Bawaba

Tumezoea kusoma historia ya Unguja kwa majina ya masultani na mabalozi. Shuleni tulikariri nani alimrithi nani, mizinga ililia lini, na mkataba gani ulitiwa saini. Sikatai, hiyo nayo ni historia. Lakini ndugu msomaji, ukitaka kujua watu wa Mji Mkongwe waliishi vipi, usimwulize sultani. Inua macho ulitazame dirisha. Tazama hasa yale mabawa mawili ya mbao yaliyotundikwa upande wa nje, yenye vibao vya luva, yanayofunguka yakalala ukutani.

Mabawa haya si ya tangu na tangu. Nyumba kongwe za mawe za mwambao, kama zile za Lamu za karne ya 18, ziliupa mtaa mgongo. Hewa na mwanga viliingia kwa kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani, na ukuta wa njiani ukaachwa karibu kipofu. Waarabu wa Oman waliojenga Unguja baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake hapa katika karne ya 19, nao nyumba zao ziliangalia ndani. Madirisha ya chini yalikuwa na nondo za chuma. Sitara kwanza, upepo baadaye.

Basi nani aliyeifungua nyumba? Kwa sehemu kubwa ni wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi. Wao walijenga duka chini na makazi juu, na ghorofa ile ya juu ikatazama mtaa kwa roshani na madirisha marefu. Seyyid Barghash naye aliwahi kuishi uhamishoni Bombay kabla ya kutawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba lenye varanda pana zilizoelekea bahari. Mwaka 1887 Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, akaanzisha lile jengo la barabara ya Mizingani lenye roshani za nakshi, ambalo lilikamilika 1894 yeye mwenyewe keshafariki. Mji ukawa umegeuza uso.

Lakini sitara haikutupwa, na hapo ndipo ninapovulia kofia akili ya watu wale. Vibao vya luva vimelazwa mshazari, vinateremka kuelekea nje. Aliye ndani anamwona mpita njia, mpita njia hamwoni. Mvua inateleza inarudi barabarani, upepo unapita. Jua kali la mchana linabaki nje hukohuko, halifiki hata chumbani. Bawa moja la mbao limemaliza kesi tatu: ya hewa, ya mvua na ya heshima.

Usidhani kulitundika ni kazi ya nyundo na misumari tu. Niliwahi kumshikia ngazi fundi mmoja mzee, nikaona. Hakupima tundu la dirisha mara moja. Alipima upana juu, kati na chini, kisha akapima kona kwa kona, maana ukuta wa matumbawe wa miaka mia hauna pembe iliyonyooka. Kipimo alichokamata ni kile kidogo kuliko vyote. "Ukuta haukufuati wewe, we ndo unaufuata," aliniambia. Fremu ikasimamishwa kwa timazi, kwa sababu ikiinama hata kidogo bawa litajifunga lenyewe au litajifungua lenyewe. Akaacha upenyo mwembamba pande zote, kwani masika mbao hunywa maji ikavimba. Bawaba alitaka za shaba. Chuma na chumvi ya bahari havipatani. Mwisho akafunga ndoano ukutani, ya kulishika bawa likiwa wazi, maana kusi ikianza kuvuma bawa lisiloshikwa hujipiga ukutani mpaka lipasuke.

Yote hayo hayakuandikwa popote nilipopaona. Yamo kichwani mwa mafundi, na mafundi wanazeeka.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibadilisha mikono. Vyumba viligawanywa, familia kadhaa zikakaa pamoja, na matengenezo yakakosa mwenyewe. Serikali iliunda mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Sifa tukapata. Lakini siku ya Krismasi ya 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa. Sifa haishikilii boriti, bwana.

Siku hizi mabawa yanang'olewa, wanaweka vioo vya alumini vya kusukuma. Ati ndo maendeleo! Kioo cha kusukuma hufungua nusu tu ya dirisha. Mvua ikija unakifunga chote, na joto linabaki nawe. Utanunua kiyoyozi. Asiye na pesa ya kiyoyozi atatoka jasho. Na ukuta je? Mawe ya matumbawe na chokaa yanahitaji kupumua. Ukiyapaka saruji nje na kuzuia hewa ndani, unyevu unakosa njia, na boriti zinaanza kuoza vichwa humohumo ukutani. Nyumba haifi siku ile inapoanguka. Inaanza kufa siku tunapoiziba pumzi.

Simlaumu mpangaji. Mvule ni ghali, msaji usiseme, na kumwamuru maskini aweke mbao bila kumsaidia ni kumtwisha mzigo wa urithi wa dunia nzima. Kama urithi huu ni wetu sote, gharama nayo iwe yetu sote. Sehemu ya fedha anayoacha mgeni anayekuja kuyapiga picha mabawa hayo imfikie mwenye dirisha, na nyingine imlipe kijana anayekaa chini ya fundi kujifunza kushika timazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeuona. Kinachotakiwa sasa ni mikono inayojua kuuziba, nayo haifundishwi kwa hotuba.