Njia za miguu na baiskeli Mombasa: mtandao hupangwaje?

Ukisimama Feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi utaiona Mombasa ilivyo hasa. Watu kwa maelfu wanashuka kwa miguu, wenye magari ni wachache. Wakishapanda ule mlima, kila mmoja hujitafutia njia. Huyu anapenya kati ya tuktuk, yule anaruka mtaro, na mama aliyemshika mtoto mkono anashuka barabarani kwa sababu kijia cha miguu kimekaliwa na kibanda. Tukilalamika kuhusu msongamano, twazungumzia magari tu. Wanaotembea hatuwahesabu.

Makala haya yanaeleza njia ya kijani ni nini, mtandao wake hupangwa vipi, na mwananchi aulize nini.

Njia ya kijani ni nini?

Ni njia ya waendao kwa miguu na wapanda baiskeli, iliyotengwa na magari na kupandwa miti ya kivuli. Mara nyingi hufuata ufuo, ukingo wa mto, mtaro mkubwa wa maji ya mvua au reli iliyoachwa, kwa kuwa huko haikatizwi na barabara mara kwa mara. Bustani watu huiendea siku ya mapumziko. Njia hii hupitwa kila siku kwenda kazini, sokoni, shule na madrasa.

Vipande vizuri tunavyo. Mama Ngina, penye mibuyu mikongwe, pamekarabatiwa mwaka 2019. Bamburi, machimbo ya saruji yaliyoanza kupandwa miti mwaka 1971 leo ni msitu wenye vijia vya kutembea na kuendesha baiskeli. Lakini wengi wetu, kufika huko ni lazima tupande matatu. Vipande hivyo havijaungana.

Singapore ni kisiwa chenye bandari kama sisi. Tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiunganisha bustani zao kwa njia za miguu na baiskeli, nyingi zikipita kando ya mitaro ya maji, na sasa mtandao huo umepita kilomita 300. Haukujengwa kwa siku moja. Kila kipande kipya kiliunganishwa na cha zamani.

Hatua za kupanga

*Kwanza, kuhesabu watu.* Wapangaji wajue watu wanatoka wapi na wanakwenda wapi: Feri, Mwembe Tayari, Makupa, Kongowea, shule, hospitali na misikiti. Wahesabu asubuhi, adhuhuri na baada ya Magharibi. Kina mama waulizwe ni wapi wanaogopa kupita giza likiingia.

*Pili, kuchora ardhi ya umma.* Hapa ndipo penye kazi. Ufuo, kingo za barabara, mitaro na vijia vya kuteremkia baharini viwekwe kwenye ramani na kuwekewa mawe ya mpaka. Kijia kikizibwa kwa ukuta na watu wakanyamaza, baada ya miaka kitaitwa kiwanja cha fulani, na wavuvi watazunguka mbali kuzifikia ngalawa zao.

*Tatu, kuunganisha.* Kamba hukatikia pabovu. Ukijenga kilomita tano nzuri kisha mtoto akafika njia panda asiyoweza kuivuka, mzazi hatamruhusu kuitumia hata ile nzuri. Kwa hivyo fedha zianzie kwenye vivuko na madaraja.

*Nne, vipimo.* Kijia cha miguu kiwe na mita 2 zilizo wazi, bila nguzo wala kibanda. Viti viwili vya magurudumu vyahitaji karibu mita 1.8 kupishana. Njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi yataka kama mita 3. Pawe na taa, miteremko badala ya ngazi, na mitaro iliyofunikwa ili masika yasiigeuze njia kuwa dimbwi.

*Tano, wachuuzi.* Muuza madafu na mama wa mahamri wapangiwe mahali pao kando ya njia tangu mwanzo. Wakifukuzwa leo watarudi kesho, maana riziki yao iko pale watu wapitapo. Tena kuwapo kwao huifanya njia isiwe tupu usiku.

Na jua je?

Wako watakaosema jua letu halitembeleki. Basi waingie Mji wa Kale au Lamu saa saba mchana. Wazee wetu walijenga vichochoro vyembamba ili nyumba moja iitie kivuli nyingine. Palipo na barabara pana, miarobaini na mikungu hufanya kazi hiyo. Umbali nao si mkubwa: kutoka Feri hadi Buxton hapafiki kilomita 6, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli bila haraka.

Nani mwenye kauli?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na mipango ya ardhi. Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, na nyingine za mjini ziko chini ya KURA. Penye mikoko lazima Huduma ya Misitu ihusishwe. Ndiyo maana njia moja yaweza kupita mikononi mwa ofisi nne, na ikikosa msimamizi mmoja hufia njiani.

Katiba hiyo hiyo yataka wananchi washirikishwe. Kikao cha mpango wa kaunti wa miaka 5 kikiitishwa, tufike na maswali matatu: Ramani ya vijia vya umma iko wapi? Bajeti ya waendao kwa miguu ni shilingi ngapi? Kipande hiki kinaungana na kipi?

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Kwetu udhia huo umeshakuwa kuta na vibanda, na mkono wa mtu mmoja hautoshi kuuondoa.