Homoni ya Thairoidi na Hatari ya Dimenshia kwa Wazee

Kusahau kwa wazee mara nyingi huchukuliwa kuwa jambo la kawaida la umri. Hata hivyo, baadhi ya matatizo ya kumbukumbu huhusiana na hitilafu ya tezi ya thairoidi, ambayo hubainika kwa kipimo cha damu.

Tezi hiyo yenye umbo la kipepeo ipo sehemu ya mbele ya shingo. Homoni zake huongoza matumizi ya nishati mwilini, mapigo ya moyo na utendaji wa ubongo. Kazi yake husimamiwa na homoni iitwayo TSH, itokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa kawaida, homoni za thairoidi zikipungua TSH hupanda, na zikizidi TSH hushuka.

Upungufu wa homoni huleta uchovu, kuhisi baridi, kufunga choo na kufikiri polepole. Kwa sababu hiyo, madaktari hupima thairoidi wanapomchunguza mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, kwani upungufu huo unatibika.

Kuzidi kwa homoni nako kuna madhara. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa taarifa za wagonjwa 65,931 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Wale waliokuwa na TSH ya chini kutokana na wingi wa homoni walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 39, ya kugundulika na matatizo ya utambuzi, ikiwemo dimenshia. Kwa waliopata hali hiyo kutokana na dawa za thairoidi, ongezeko lilikuwa asilimia 34, na lilikuwa kubwa zaidi pale homoni ilipozidi sana. Matokeo hayo yanaonesha uhusiano, lakini hayathibitishi kuwa homoni pekee ndiyo chanzo.

Aidha, si kila upungufu huhitaji dawa. Utafiti uliofanyika Uholanzi, Uskoti, Ireland na Uswisi na kuchapishwa mwaka 2017 ulihusisha wazee 737 wenye upungufu mdogo. Waliopewa dawa ya levothairoksini hawakupata nafuu ya dalili kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kwa mzee anayetumia dawa hiyo, jambo la msingi ni kipimo sahihi cha dawa. Mahitaji ya mwili hubadilika kadiri umri unavyoongezeka, hivyo TSH hupaswa kupimwa mara kwa mara na dozi kurekebishwa na daktari. Mgonjwa hashauriwi kuacha, kupunguza wala kuongeza dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Familia zinazoona mzee anasahau kupita kawaida, anapungua uzito, anatetemeka mikono au moyo wake unakwenda mbio zinashauriwa kumfikisha mapema katika kituo cha afya, pamoja na dawa zote anazotumia.