Namna ya kuchagua mboji ya mawaridi ya vyunguni Arusha

ARUSHA ni miongoni mwa maeneo yanayofahamika nchini kwa mashamba makubwa ya mawaridi ya kuuzwa nje, hususan ukanda wa Usa River na Tengeru. Hata hivyo, si ajabu kuona mwaridi uliopandwa katika chungu au ndoo barazani ukigeuka manjano na kukataa kuchanua, ingawa unamwagiliwa kila siku.

Mara nyingi chanzo huwa ndani ya chombo chenyewe. Mizizi ya mwaridi ulioko ardhini huweza kwenda mbali kutafuta chakula na hewa, lakini ule wa chunguni hutegemea kile tu ulichowekewa.

Udongo wa volkano wa miteremko ya Mlima Meru una rutuba, ila ukijazwa peke yake katika chombo hushindiliwa na maji ya kumwagilia, na mizizi hukosa hewa. Mchanganyiko unaofaa ni madebe mawili ya udongo wa juu, debe moja la mboji iliyoiva na debe moja la kokoto ndogo nyepesi za volkano au mchanga mnene. Chombo kiwe na kina cha sentimita 40 au zaidi, na matundu chini.

Mboji iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi, haina joto wala harufu kali. Samadi ya ng'ombe ambayo haijaoza vizuri huunguza mizizi, na ya kuku ni kali zaidi. Ukiwa na shaka, otesha maharage machache katika mboji hiyo. Yakichipua na kustawi, itumie. Yakinyauka, iache ioze kwa wiki kadhaa zaidi. Maganda ya kahawa nayo yafaa, mradi yameozeshwa kwanza.

Jambo linalosahaulika ni maji. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, yaani pH ya 6.0 hadi 6.5. Lakini maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru, kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, yana madini ya floraidi na magadi. Maji yenye magadi hupandisha pH siku hadi siku, na mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Kwa sababu hiyo, mazoea ya kuchanganya majivu katika mboji hayafai kwa mawaridi ya huku, kwani majivu huongeza tatizo lile lile. Ni vyema kukinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli kwa ajili ya vyungu.

Usichote udongo katika msitu wa Mlima Meru. Msitu huo ni hifadhi, na ndio unaolinda chemchemi zinazotegemewa na wakazi wa jiji.

Mboji hupungua nguvu kadiri muda unavyopita. Ongeza tabaka la sentimita tatu juu ya chungu kila baada ya miezi mitatu au minne, bila kugusa shina, na ubadilishe mchanganyiko wote baada ya miaka miwili hadi mitatu.