Nyumba Namba 41 (Sehemu ya Nne: Dole Gumba)

ILIPOISHIA: Bhoke, aliyepewa kazi ya kuandika historia ya miaka 50 ya kijiji chao kando ya Mto Mara, amefungua sanduku la bati la Mzee Marwa, karani wa kwanza wa kijiji. Daftari la mwaka 1974 limo. Ukurasa wa nyumba namba 41, nyumba ya bibi yake, haumo.

SASA ENDELEA...

Bhoke alipitisha kidole kwenye mshono wa daftari. Karatasi haikuchanwa. Ilikatwa kwa wembe, na aliyeikata hakuwa na haraka.

"Babu, nani mwingine ana ufunguo wa sanduku hili?"

Mzee Marwa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, uso ameuelekeza mtoni. Mara ulikuwa umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, udongo wa Kenya wote huo, maana mto huu unaanzia msitu wa Mau na kutembea karibu kilomita 400 kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Ng'ambo ni Tarime, njia ya kwenda Nyamongo. Upande huu ni Serengeti, na ukiifuata barabara unatokea Mugumu.

"Kaa chini kwanza, mjukuu wangu," alisema. "Huwezi kuiandika nyumba kabla hujakiandika kijiji."

Bhoke akakaa, akafungua kalamu.

"Kabla ya 1974 hapa hapakuwa na kijiji. Sisi Wakurya tulikaa vilimani, kila mji na zizi lake la ng'ombe katikati. Mtoni tulishuka kunywesha mifugo, tukapanda kurudi. Nani alale na mamba? Na wazee walikuwa hawajasahau mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, mto ulipotoka kitandani mwake ukalala bondeni. Kisha Novemba 1973 Mwalimu akasema kuishi vijijini sasa ni amri, mwisho 1976. Mtu wa Butiama, mtoto wa mkoa huu huu, amesema. Ungembishia?"

Akasimulia malori yalivyokuja. Watu walibeba milango, kuku, mawe ya kusagia. Mama mmoja alikataa kupanda lori mpaka apakiwe jiwe lake la kusagia mtama, na wanaume wanne wakalinyanyua. Nyuma yao, kwenye kilima, baadhi ya nyumba ziliwashwa moto ili mwenyewe asishawishike kurudi. Mbele yao kulikuwa na kamba iliyonyooshwa na vigingi vilivyoandikwa namba. Kigingi chako ndiyo kwako.

Msomaji wangu, wapo wanaoisimulia Operesheni Vijiji kama kwamba ilikuwa shule na zahanati tu, na wapo wanaoisimulia kama moto mtupu. Mzee Marwa aliyasema yote mawili kwa pumzi moja: paa lililoteketea, na darasa la kwanza lililoezekwa nyasi ambamo watoto wake walijua kusoma. Naona yeye ndiye anayeisema kweli yote.

"Na nyumba ya 41?" Bhoke aliuliza.

Mzee alisafisha koo. "Wankuru alikuwa mjane. Hakuzaa mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa bibi yako Robi, nyumba ntobhu, kama desturi yetu inavyoruhusu. Robi akawa mkamwana wake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya Wankuru. Wazee wa ukoo walikula, walikunywa, walibariki. Sasa mimi nina daftari la serikali lenye mstari mmoja tu: jina la mkuu wa kaya. Bwana aliyekuja na lori akaniambia, andika mwanaume. Nikamuuliza, mwanaume yupi? Akasema, yeyote wa ukoo."

"Ukamwandika nani?"

"Sikumwandika mtu. Wankuru siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Robi, binti wa miaka kumi na minane, ndiye aliyeweka dole. Mstari wa jina niliuacha wazi."

Alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Bhoke aingie. "Miezi michache baadaye nikaanza darasa la usiku chini ya mkuyu. Elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto tangu Mwalimu autangaze mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Wanaume walikuja wakisinzia. Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote alikuwa mwanamke."

Bhoke aliyaandika hayo pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, akaona hayahusiani na jambo lililomleta.

Njiani kurudi alipita nyumbani kwa Mwita. Harufu ya mbuzi ilikuwa imetanda hadi barabarani. Mwita mwenyewe alikuwa amekunja mikono ya shati, anamimina nyongo kwa kipimo juu ya nyama iliyokatwa vipande vidogo, kichuri cha heshima, na kumzunguka walikuwa wazee watano ambao kesho wangekaa mbele ya mkutano. Mwita ni mtoto wa Chacha, marehemu shemeji yake Wankuru.

"Karibu, dada," alisema. "Bado unaandika historia?"

"Bado, kaka."

"Usisahau kuandika kwamba ardhi ina mwenyewe."

Nyumbani, Bibi Robi alikuwa anachambua mboga za majani. Alimnyooshea Bhoke karatasi ya wito wa mkutano. "Nisomee, mwanangu. Macho yangu hayajui herufi." Bhoke akamsomea, kama alivyomsomea barua na ujumbe wa simu tangu akiwa darasa la tatu.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa saa nne asubuhi chini ya mkuyu. Ajenda ya kwanza ilikuwa mto. Mtendaji alisoma kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, hakuna kulima wala kujenga. Bikoni zilikwishapandwa, na kila mtu alijua zimepita wapi. Zimepita katikati ya bustani za akina mama, kwenye nyanya na sukuma wiki zinazolipa ada na kununua daftari za watoto. Hakuna aliyeitukana sheria. Walikuwa wameuona mto ukibadilika, kingo zikimeguka, na kila tarehe 15 Septemba, Siku ya Mara, walikuwa wanaambiwa kwamba mti mmoja ukingoni unashika udongo kuliko ukuta. Wao waliuliza jambo moja tu: tuhamie wapi?

Jibu lilikuwa shamba la nyumba namba 41. Liko juu kidogo ya bikoni, karibu na kivuko, tambarare, na Bibi Robi alikuwa amekubali kikundi kizima cha akina mama hao kilime kwa zamu. Ndipo Mwita alipojitokeza kudai ni mali ya baba yake, na mnunuzi tayari anaye.

Mwita alisimama. Hakupaza sauti. Alitoa bahasha ya kaki, na ndani yake ukurasa uliokuwa na makali ya wembe upande mmoja.

"Ndugu wananchi, historia hii hapa. Nyumba namba 41. Mkuu wa kaya, Chacha. Dole gumba hili hapa. Mimi sina la kuongeza."

Minong'ono ikaenea. Wazee watano walikuwa wanatikisa vichwa kabla ukurasa haujawafikia. Mama mmoja mjumbe wa Baraza la Ardhi, mmoja wa wale wanawake watatu ambao sheria inataka wawemo kati ya wajumbe saba, aliuinua juani. Dole lilikuwa la wino wa zambarau, dogo, na limekatwa katikati na mstari mweupe. Jina lilikuwa la wino wa bluu.

"Huyu Chacha," aliuliza polepole, "alikuwa na dole la kitoto hivi?"

Bibi Robi alijiinua kwenye mkeka. Hakusema neno. Aliinua mkono wa kulia, akageuza kiganja kuelekea mkutanoni. Mundu ulimkata dole gumba akiwa msichana, na kovu linapita katikati, mstari mnyoofu kutoka ukucha hadi kifundo.

"Ni lake!" mtu alipiga kelele. Vigelegele vikalipuka upande wa akina mama. Mwita alimtazama mzee mmoja, mzee akatazama viatu vyake.

Mzee Marwa alisimama kwa kuegemea fimbo. Mwenyekiti akamruhusu.

"Dole ni la Robi," alisema. "Nililibana mwenyewe kwenye wino."

Vigelegele vikarudi. Mzee aliinua mkono mpaka vikanyamaza.

"Sijamaliza. Naona mnaitafuta meza kuu kwa macho, mnataka kujua mwizi aliyeandika jina la Chacha. Acheni. Mwandiko huu naufahamu, hasa hiyo herufi 'h' yenye mkia. Niliufundisha mimi, usiku, kwa taa ya chemli, chini ya mkuyu huu huu."

Akageuka taratibu mpaka akamkabili bibi yake Bhoke.

"Waambie, mwanafunzi wangu. Waambie kwa nini uliniomba kalamu."

Bhoke alihisi daftari likimponyoka mapajani. Bibi Robi alitembea hadi kwa mjumbe wa baraza, akaupokea ukurasa, na mbele ya kijiji kizima akaanza kusoma. Alisoma namba ya nyumba, idadi ya watu na idadi ya mbuzi bila kukwama popote. Alipofika kwenye jina la Chacha hakusimama. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, mwembamba, wa wino ule ule wa bluu, ambao Mwita hakuusoma.

"Hapa nimeandika sababu," alisema Bibi Robi.

"Usisome!" Mwita alipiga kelele, akaruka benchi kumwendea.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO