Kutoka Mto hadi Bomba: Mzigo wa Ushahidi katika Sheria ya Shirikisho ya Uchafuzi wa Maji Nchini Marekani, 1899–1972

Historia ya sheria ya shirikisho ya mazingira nchini Marekani husimuliwa mara nyingi kwa kuanzia tarehe 22 Juni 1969, siku ambayo takataka zenye mafuta zilizoelea juu ya Mto Cuyahoga mjini Cleveland zilishika moto. Moto huo ulizimwa katika muda usiozidi nusu saa, na hasara yake ilikadiriwa kuwa dola 50,000. Mto huohuo ulikuwa umewaka mara kadhaa kabla ya hapo, na moto wa mwaka 1952 ulisababisha hasara iliyozidi dola milioni moja bila kulitikisa Bunge. Kwa hiyo moto pekee hauelezi kwa nini sheria ilibadilika. Maelezo yanayoridhisha zaidi yamo katika swali lisilo na mvuto wa moto: nani alipaswa kuthibitisha nini, na dhidi ya nani?

Sheria ya Kudhibiti Uchafuzi wa Maji ya mwaka 1948 iliyaachia majimbo jukumu kuu, na ile ya 1965 iliyataka yaweke viwango vya ubora wa maji yanayovuka mipaka yao. Kilichopimwa kilikuwa mto wenyewe. Maji yalipozidi kiwango cha uchafu, mamlaka ilipaswa kuonyesha ni kiwanda kipi, miongoni mwa vingi vilivyojipanga ukingoni, kilichosababisha madhara. Ushahidi wa namna hiyo haukupatikana kwa urahisi, na kila mwenye kiwanda aliweza kumnyooshea kidole jirani yake. Zaidi ya hayo, jimbo lililokaza masharti lilihofia kuvipoteza viwanda vyake kwa jimbo jingine.

La kushangaza ni kwamba silaha kali zaidi ilipatikana katika sheria kuukuu. Sheria ya Mito na Bandari ya mwaka 1899, iliyolenga kulinda njia za vyombo vya majini, ilikataza kutupa taka bila kibali katika maji yanayopitika, ingawa haikuyagusa maji yatiririkayo kutoka mitaani na katika mifereji ya majitaka. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu, katika shauri dhidi ya kampuni ya Standard Oil, iliamua kwamba hata petroli ya ndege yenye thamani sokoni ni taka pindi inapoingia mtoni. Hapa kutupa kwenyewe kulikuwa kosa. Hali ya mto haikuhitaji kuthibitishwa. Rais Nixon alijenga mpango wa vibali juu ya sheria hiyo Desemba 1970, mwezi uleule Wakala wa Kulinda Mazingira ulipoanza kazi, lakini mwaka mmoja baadaye mahakama iliusimamisha.

Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 iliikopa mantiki hiyo. Kila aliyetiririsha uchafu kupitia bomba au mtaro alitakiwa kuwa na kibali, na masharti ya viwanda yalifungamanishwa kwanza na teknolojia iliyopo, si na uwezo wa mto kuubeba uchafu. Nixon aliikataa kwa kura ya turufu akilalamikia gharama. Bunge liliupindua uamuzi wake tarehe 18 Oktoba, Seneti kwa kura 52 dhidi ya 12 na Baraza la Wawakilishi kwa kura 247 dhidi ya 23. Lengo la kukomesha utiririshaji wote ifikapo 1985 halikufikiwa, na ni vigumu kuamini kwamba liliwahi kuwa ahadi ya kutekelezeka.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, ulitokana na nguvu yenyewe ya sheria. Palipo na bomba, mkosaji anajulikana. Mbolea na samadi zinazosombwa na mvua kutoka mashambani hazipiti katika bomba. Uchafuzi huo ulibaki nje ya mfumo wa vibali, ukaachiwa mipango ya majimbo, yaani palepale sheria ya 1948 ilipokuwa imeanzia.